Mgeni wa Daka

Mafundi waliojenga nyumba hii ya Mkomani
walijua kuwa jicho la mpita njia lina mbio.
Ukishavuka mlango, ukuta wa tekani unakukinga uso;
sharti upinde ndipo ukione kiwanda,
upinde tena ndipo uufikie msana,
na ndani kabisa, wanakooshwa maiti wetu
na maharusi wetu kusingwa liwa,
jicho hufika limechoka.

Mimi niliingia na simu mkononi.
Haikupinda popote.

Ilikuwa Rajabu. Nilimwambia dada yangu Barke,
kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi,
kwamba goti la mama halipandi tena ngazi,
tumtafutie fimbo, asijue.
Hatukuandika. Hatukumtuma mtoto.
Alasiri ile simu ya mama mwenyewe,
ile tuliyomnunulia asikilize mawaidha,
ikamletea fimbo kumi na moja:
za mninga, za chuma, moja yenye taa kichwani,
moja inayokunjwa kama mwavuli.
Mama alicheka mpaka akakohoa.
Kisha akanyamaza.
"Nani alowambia kuwa nimekuwa mkongwe?"

Nikaenda Langoni kwa Famau, fundi wa simu,
nikamkuta amezungukwa na vioo vilivyopasuka.
Nilitaka aniambie: sikio ni hili hapa.
Nimwambie: ling'oe.
Akapuliza vumbi. "Huenda lipo, dada. Siapi.
Lakini halina haja ya kusikia.
Duka la dawa umekwenda mara tatu.
Barke alitazama picha ya goti usiku wa manane,
akakaa nayo kitambo.
Simu zenu zote hulala chini ya dari moja,
hunywa mtandao mmoja.
Mama alikuwa akipanda darini kila alfajiri;
tangu Mfungo Sita hapandi.
Haisikii, dada. Inakisia.
Na anayekisia sawa kila siku
ana tofauti gani na mpiga chabo?"

Akanionyesha pa kuzima.
Kipaza sauti. Mahali nilipo.
Kalenda iliyotaka kuona picha zangu.
Tochi, jamani, tochi!
iliyokuwa imeomba majina ya jamaa zangu wote,
nami nikaipa, kwa kuwa umeme ulikatika
na nilikuwa natafuta kandambili.
Niliifuta kama mtu anayefukuza paka jikoni.
Famau alikataa malipo. "Hii si kazi," akasema,
"hii ni kufunga mlango."

Shekuwe, mtoto wa Barke, akanicheka:
"Mficha uchi hazai, mama mkubwa.
Kama huna ovu, waogopani?"
Nikamwambia: kweli, mficha uchi hazai.
Lakini mkunga ni mmoja,
na chumba hufungwa.

Sisemi nimeshinda.
Kamera ya nyumba ya wageni hapo mkabala
inautazama mlango wetu usiku kucha, haipepesi.
Barke bado analala na yake chini ya mto.
Harusini juzi nilihesabu simu thelathini
nikaacha kuhesabu, nikavuta ushungi.
Yako mambo ambayo kidole changu kimoja hakiyazimi,
yanataka sheria, yanataka watu wengi wenye hasira.

Ila hapa kwetu nimerudisha adabu ya zamani.
Mgeni asiye jamaa hukaribishwa dakani:
hupewa kahawa, huulizwa safari,
wala hachungulii.
Basi ikisha magharibi simu yangu hubaki huko mbele,
nyuma ya mlango, ndani ya mkebe wa biskuti,
na kitambaa juu yake.
Ikiita, mimi huiendea.
Yenyewe haiji.

Na fimbo?
Mama aliichagua mwenyewe, kwa mchongaji,
akalipa sarafu kutoka pindo la leso,
hakumwambia mtu.
Alfajiri twaisikia ngazini, ko, ko,
polepole, hadi darini.
Barke hunitazama, nami humtazama.
Hakuna asemaye kitu.